Kambi ya mtandaoni inataka jamvi

Kila ikikaribia likizo ya Juni, magrupu ya WhatsApp ya wazazi hapa Tanga mjini huanza kupokea matangazo ya namna moja: kambi ya mtandaoni ya kuandika programu na kubuni gemu, watoto wa miaka 7 hadi 14, wiki mbili, mtoto anasoma akiwa nyumbani kwao, mwisho anapewa cheti. Mwaka jana dada yangu anayekaa Makorora alimwandikisha binti yake wa miaka kumi. Nilifurahi sana. Naamini kwamba mtoto akijua kuiamuru kompyuta ifanye anachokitaka yeye, amepata kitu ambacho sisi tuliomzaa hatukukipata. Imani hiyo ningali nayo. Kilichobadilika ni fikra zangu juu ya mahali ambapo kambi hizi zinapaswa kufanyikia.

Mpwa wangu alisomea kwenye simu ya mama yake. Siku ya kwanza alioga mapema, akasuka nywele, akakaa sebuleni na daftari jipya. Mwalimu akafungua skrini yake na kuanza kuburuta vipande vya programu, hiki juu ya kile, akieleza kwa Kiingereza cha haraka. Kwenye simu vipande vile vilionekana kama punje za mchele. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: skrini moja haiwezi kumwonyesha mtoto anachofanya mwalimu na wakati huohuo ikampa nafasi ya kufanya chake. Akitazama somo, hafanyi kazi. Akifanya kazi, somo limempita. Siku ya tatu umeme ukakatika. Siku ya nne akakuta wenzake wako mbali, na pale sebuleni hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Cheti kilikuja kwa barua pepe, jina lake limeandikwa vizuri kwa herufi za dhahabu. Nilipomwomba anionyeshe gemu lake alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mjomba, langu halikuisha. La mwalimu ndilo lililoisha."

Maneno hayo yamenikaa moyoni mwaka mzima. Na msimamo nilioufikia ni huu: wazazi wa Tanga tuache kumnunulia kila mtoto kiti chake peke yake mbele ya simu. Mwalimu na abaki mtandaoni, hapana ubaya. Watoto ndio wakusanywe, sita au saba, katika chumba kimoja, juu ya jamvi moja, na mtu mzima wa kukaa nao, na lugha iwe Kiswahili. Kambi ya namna hiyo ni nafuu kwa fedha, lakini hiyo si sababu yangu ya kwanza. Sababu yangu ya kwanza ni kwamba kuandika programu ni kazi ya kukwama, na mtoto aliyekwama peke yake huona aibu, huzima kamera, basi.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika kabla hata ya somo. Kambi za Marekani hupangwa kwa kufuata likizo yao ya kiangazi, Juni hadi Agosti. Watoto wetu kwa kawaida hufunga shule Juni, na Julai wanarudi darasani. Kambi nyingi za Julai kwa hiyo zinagongana na shule. Hata zile za Juni, kipindi cha saa nne asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni hapa, na kipindi cha saa saba mchana kule ni saa mbili usiku kwetu. Mtoto aliyeamka alfajiri, akafanya kazi za nyumbani, akaenda chuo cha Kurani, akacheza, unamkalisha mbele ya skrini saa mbili usiku ajifunze nini? Za Uingereza zina unafuu, wakati wa kiangazi tunapishana nao saa mbili tu. Ada nazo zinatisha: kambi ya Marekani hutoza dola mia kadhaa kwa wiki, na dola 300 ni zaidi ya laki saba za kwetu. Za Dar es Salaam ni rahisi zaidi, lakini bando ni lilelile. Mkutano wa video wa saa moja unaweza kumeza karibu GB 1. Zidisha kwa saa mbili kila siku kwa siku kumi, kisha zidisha tena kwa nyumba saba ambazo kila moja inalipa bando lake, watoto wote saba wakimsikiliza mwalimu yuleyule.

Na intaneti yenyewe si ya kuwekea nadhiri. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, nchi nzima na majirani zetu tulikaa na mtandao wa kusuasua. Mwezi mmoja kabla, tarehe 1 Aprili, gridi ya taifa ilizimika. Wanaopanga kambi za mtandaoni hawana kosa kwa mambo hayo. Kosa ni kupanga somo ambalo likikosa mtandao dakika kumi linakufa lote.

Wakati tunahangaika kutafuta mfano kutoka mbali, mkoa huu wa Tanga ulikuwa uwanja wa jaribio ambalo dunia nzima ya elimu ililifuatilia. Shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi ya jumla ya dola milioni 15, lilitafuta programu ya kompyuta ambayo mtoto angeweza kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Washindani watano waliofika fainali walijaribiwa hapa, katika vijiji takriban 170 vya mkoa wetu, kwa watoto karibu 2,700, tangu mwishoni mwa 2017 na kwa muda wa miezi kumi na mitano. UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishirikiana na serikali. Tableti zilichajiwa kwa nguvu za jua. Masomo yote yalikuwa kwa Kiswahili. Mei 2019 washindi wakatangazwa, onebillion na Kitkit School, wakagawana zawadi kubwa.

Matokeo yake yanastahili kusomwa kwa utulivu. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto wale hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni jambo kubwa, na nawavulia kofia waliolifanya. Hata hivyo nusu nyingine ilibaki palepale, na tableti mkononi, na programu bora kabisa iliyotengenezwa kwa fedha nyingi kiasi kile. Mimi nalisoma jaribio lile hivi: lugha ya mtoto na nishati ya uhakika vilimfikisha mtoto mbali kuliko wengi walivyotarajia, na pale palipobaki panataka mtu. Yaliyofanyika katika vijiji vile hayapaswi kuwa mageni kwetu wa mjini, tunaonunua kambi ambazo hazina lugha yetu, hazina subira ya umeme wetu, na hazina mtu.

Mtu huyo tunaye, na mfumo wake tunao tangu zamani. Nenda chuo chochote cha Kurani hapa mjini, Ngamiani au Duga, baada ya alasiri. Watoto wamekaa chini, kila mmoja na juzuu yake, kila mmoja na mahali alipofikia. Huyu yuko kwenye herufi, yule anakaribia kuhitimu. Hakuna anayeambiwa fungueni wote ukurasa wa ishirini. Mwalimu anamwita mmoja mmoja kumsikiliza, na wakati anasikiliza, wakubwa wanawashika mkono wadogo. Mtoto akikosea hupewa sehemu ileile arudie mpaka ikae. (Najua vyuo vina upungufu wake, fimbo ikiwa mmojawapo, na hilo siwezi kulitetea.) Lakini mpangilio ule, wa kila mtoto na mwendo wake ndani ya chumba kimoja, ndio hasa unaohitajika katika kuandika programu, ambako watoto wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwa wiki nzima na wote wakafika.

Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928 na ambaye mwaka 1967, pamoja na wenzake Marekani, alitengeneza Logo, lugha ya kwanza ya programu iliyokusudiwa watoto, alivutiwa sana na shule za ngoma ya samba za Brazil. Humo wakubwa na wadogo, mafundi na wanaoanza, hujifunza kucheza pamoja wakijiandaa kwa sherehe moja. Aliona kwamba kompyuta ikimfaa mtoto itamfaa katika mazingira ya namna ile. Yeye alilazimika kuitazama Rio. Sisi tuna chuo kila mtaa.

Desemba iliyopita tulijaribu. Tulikusanya watoto sita sebuleni kwa mama, Ngamiani, mpwa wangu akiwemo, na kompyuta tatu za mtumba. Watoto wawili kwa kompyuta moja, na hilo halikuwa la kubana matumizi tu: wakiwa wawili lazima waongee, na mtoto akieleza kwa mdomo anachotaka kompyuta ifanye, nusu ya programu ameshaiandika. Mwalimu alikuwa kijana wa hapahapa Tanga anayefanya kazi ya programu Dar es Salaam. Alikuwa akiingia kwa video dakika ishirini asubuhi na dakika ishirini mchana, kwa bando la simu moja. Muda uliobaki watoto walifanya kazi bila mtandao, kwa Scratch, programu ya bure ya kumfundishia mtoto kuandika programu, iliyotoka chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2007 chini ya profesa Mitchel Resnick, ambayo ukishaipakua haidai intaneti tena. Mimi nilikaa nao. Siijui sana kazi yenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuuliza "hapa ulitaka kitokee nini?" na kuhakikisha uji upo.

Hatukuanza na kompyuta. Tulianza na bao, kwa sababu jirani yetu mmoja mzee, ambaye watoto wote wanamwita Babu, ana bao la mninga, na kwa sababu kubuni gemu ni kutunga sheria kabla ya kuchora picha. Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji ana mashimo yake 16. Katika bao la kujifunza kila shimo huanza na kete mbili. Siku mbili nzima watoto walicheza na kuandika sheria daftarini: unachota, unapanda moja moja, ukiishia penye kete unaendelea, ukiishia patupu unalala, yaani zamu yako imeisha. Babu aliwarekebisha. Hapo tayari walikuwa wanafanya kazi ya programu, ila hawakujua.

Siku ya tatu wakaingia kwenye kompyuta. Kwa kila mchezaji walitengeneza orodha ya namba kumi na sita, kila namba ikiwa ni idadi ya kete katika shimo. Mchana wake kete zilikuwa zinatembea kwenye skrini na sebule nzima inapiga kelele. Babu akaitwa aje aone. Alivua kofia, akainama, akatazama raundi tatu bila kusema neno. Kisha akawauliza, "Zingine mmeziweka wapi?" Watoto hawakumwelewa. Akaanza kuonyesha kwa kidole, shimo moja baada ya jingine, akijumlisha. Sitini na moja. "Kete hazipungui," akasema. "Zinahama. Hapa tatu hazipo."

Mtoto mmoja akajibu kwa adabu kwamba labda babu amehesabu vibaya, maana kompyuta haikosei. Wakahesabu wao. Sitini na moja. Wakacheza raundi moja zaidi: sitini. Basi ikaanza kazi ambayo hakuna cheti kinachoweza kuionyesha. Waliliweka bao la mti pembeni ya kompyuta, mmoja akawa anahamisha kete za kweli, mwingine anabonyeza hatua moja moja kwenye skrini, wa tatu anasoma namba kwa sauti. Dakika arobaini. Uji ulipoa. Mpwa wangu ndiye aliyeona kwamba kete hupotea pale tu mtu anapopita shimo la kumi na sita. Kwenye bao la mti, ukifika mwisho mkono wako wenyewe unajua kuzunguka kurudi mwanzo. Kompyuta haikuambiwa. Baada ya shimo la 16 ilikwenda kutia kete kwenye shimo la 17, ambalo halipo, na Scratch ukiiambia ibadilishe kitu kisichokuwepo kwenye orodha haigombi wala haikuonyeshi kosa. Inanyamaza na kuendelea.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: ikiwa namba ya shimo imezidi 16, basi irudi kuwa 1. Aliuweka mwenyewe. Wakacheza raundi kumi, na kila raundi jumla ilikuwa 64. Kisha, bila kuagizwa na yeyote, wakaongeza kipande kingine cha programu kinachojumlisha kete zote baada ya kila mchezo na kugeuza skrini kuwa nyekundu kama jumla si 64. Wakakiita "jicho la babu". Kijana wetu wa Dar es Salaam alipokiona jioni ile alicheka kwa furaha. Akatuambia kwamba kazini kwao nako, kwenye programu za fedha, kuna ukaguzi wa aina hiyohiyo, wa kuhakikisha kwamba kilichoingia na kilichotoka havipishani.

Nimesimulia hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalonifanya niseme kambi ya mtoto mmoja mbele ya simu inakosa kiini. Mwalimu wa mbali asingeliona kosa lile, maana hajui bao. Babu asingeweza kulirekebisha, maana hajui kompyuta. Mtoto akiwa peke yake asingelijua kabisa, maana gemu "lilikuwa linafanya kazi". Ilitakiwa wote wawe chumba kimoja.

Kuhusu lugha nina neno. Scratch ina Kiswahili, na lugha unaibadilisha juu kwenye menyu. Nashangaa ni wachache kiasi gani wa wanaouza kambi hizi wanaoitumia. Programu iliyojengwa kwa Kiswahili ukiihamishia Kiingereza, vipande hubadilika maneno na kazi yake hubaki ileile. Kwa mtoto wa shule ya msingi ambaye anasoma kwa Kiswahili na anajua kwamba sekondari atakutana na Kiingereza, sijaona daraja zuri kuliko hilo: anafikiri kwanza kwa lugha anayoiotea ndoto, anaona kitu kimefanya kazi, kisha anageuza na kuona neno la Kiingereza limekaa mahali palepale. Mzazi anayesema "nataka ajifunze kwa Kiingereza ndiyo maendeleo" namwelewa, lakini anachanganya masomo mawili, na mtoto anakosa yote mawili. Hata saa yetu ni somo. Siku ya tano watoto waliunda saa ya Kiswahili: chukua saa ya simu, ile ya 1 hadi 12, ikiwa imezidi sita toa sita, isipozidi ongeza sita. Kwa mtoto wa hapa mfano huo wa sharti unaingia akilini mara moja, na hutaukuta kwenye mtaala wa kambi yoyote ya Marekani.

Zipo pia kambi zinazojengwa juu ya programu za gemu za Minecraft au Roblox. Watoto wanazipenda, na zina mambo mazuri ya kufundisha. Ila ya kwanza ni ya kununua, na ya pili ina fedha yake ya ndani, Robux, ambayo hupatikana kwa kulipia. Mtoto anaingia kama mbunifu na anaweza kutoka kama mteja. Kwa familia nyingi za hapa ningeshauri ziachwe mpaka mtoto awe amemaliza gemu lake la kwanza kwenye kitu cha bure.

Jambo moja wazazi hatuliulizi kabisa: video za masomo zinarekodiwa? Zinawekwa wapi? Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi hapa nchini, na sura na sauti ya mtoto wako ni taarifa zake. Uliza kabla ya kulipa. Kambi inayokasirika kwa kuulizwa hivyo haifai.

Sasa vyumba. Siamini kwamba tunahitaji kujenga kitu kipya. Shule kadhaa za sekondari hapa mjini zina vyumba vya kompyuta ambavyo likizo ikianza hufungwa kwa kufuli, vumbi likashuka juu ya mashine mwezi mzima. Kuna Maktaba ya Mkoa. Kuna kumbi za misikiti na makanisa. Halmashauri ya Jiji ikiamua, inaweza kufungua hata vyumba vitatu tu kwa majaribio likizo ya Juni, asubuhi, na kumlipa kijana mmoja wa chuo kwa kila chumba akae na watoto. Wenye kambi za mtandaoni nao wanaweza kuuza somo kwa chumba badala ya kwa kichwa: bei moja, watoto saba, na vipindi vifupi vya moja kwa moja vyenye kazi ya kufanya bila mtandao katikati. Ireland walianza karibu hivyo mwaka 2011 katika mji wa Cork, na CoderDojo yao, vilabu vya bure vya watoto vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea, ilienea nchi nyingi. Nao walianza na chumba.

Sisi tumeshakubaliana kukutana tena Juni. Watoto wanataka kuingiza kanuni ya nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, ile ya lini mchezaji anaruhusiwa kulala na lini anaendelea, na hiyo ni ngumu kuliko yote tuliyofanya. Wiki iliyopita nilimkuta mpwa wangu barazani kwa Babu, daftari mapajani, anamuuliza, na Babu anamwambia ngoja kwanza, andika hili.